Sauti ya Bibi kwenye Spika ya Majlisi

Shurooq, posa yangu nusura ivunjwe na marehemu Bibi. Nakuandikia nikiwa jikoni.

Nilikuwa chumbani nahamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya. Unanijua, nafungua kila faili kuhakikisha limefika zima. Nikafungua sauti ya Bibi niliyoirekodi garini tulipotoka mji wa Mudhaibi, kwa kina Khattab aliyeniposa. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya.

Kumbe kompyuta mpya imejiunga na spika ya majlisi, chumba chetu cha wageni. Na majlisi wamekaa Mama na Bi Mahfoudha, mamake Khattab.

Bibi anasema: "Kahawa ya Mahfoudha kama maji ya kuoshea vikombe. We cheka tu, hata mbele yao. Kiswahili hawakijui."

Hawakijui, Shurooq. Na sisi siku zote tunawasengenya mbele yao.

Nikaingia majlisi. Mama anatazama zulia. Bi Mahfoudha akasema, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: "Mie mzaliwa wa Tabora, mwanangu. Na kahawa hiyo bibi yako aliinywa mpaka nikachoka kummiminia. Hakukitikisa kikombe hata mara moja kuonyesha ametosheka."

Tabora, Shurooq. Na siku zote alikuwa anatusikia.

Nikamwomba radhi, nikasema nalifuta sasa hivi.

"Ukilifuta, Khattab humpati. Nirushie. Tangu afe sijaisikia sauti yake."

Nimemrushia. Sasa anasubiri kahawa ya mkono wangu. Nimeshaionja mara tatu, na bado sijaipeleka.