Mwiko Nimeulamba Kwanza

Jumanne. Mvua imekatika, Kariakoo imebaki tope, lakini mimi roho yangu kunjufu. Anayeandika ni mwanangu Tatu, mimi sikusoma. Tatu, andika ninavyosema, usinipambe.

Mwiko wangu wa pombe umepasuka. Ule mrefu niliokuja nao kutoka Songea nikiwa binti. Na Jumamosi mdogo wake Tatu anaozwa, wakwe watakaa hapa uani kungoja komoni yangu, pombe ya mahindi. Jirani yangu Mama Siwema kashapita anasema eti mkono wangu umezeeka, tununue bia za kreti yaishe.

Niliendelea kufagia. Lakini iliniuma.

Basi leo nimeenda Gerezani kwa maseremala. Nimepitia kwanza kwa muuza kimea, tukaongea habari za magoti, haya tuyaache. Fundi mwenyewe kijana wa watu, shikamoo yake imenyooka. Kanitolea ubao mwekundu, kasema huo mkangazi, bibi, mbao ya wakubwa. Kweli unapendeza. Nikabanjua kipande, nikakilamba.

Kacheka mpaka kaweka msumeno chini.

"Bibi, mbao hailambwi, inapigwa randa."

Simlaumu, yeye anatengeneza vitanda. Nani analamba kitanda? Ila mama yangu alikuwa anasema mwiko nao una mwiko wake: usikorogee mti ambao hujauonja. Pombe inachemka na mwiko ndani tangu asubuhi, kila kilichomo kwenye mti kinashukia pipani.

Nikaomba maji ya moto kwa mama ntilie wa pembeni, nikatumbukiza kile kipande, nikangoja. Nikampa kikombe.

"Kunywa, baba."

Kanywa. Katema.

Mwarobaini. Aliyemuuzia kamdanganya, maskini, na kabati la mtu kashalichonga nusu.

Nikamuuliza, na huo ubao unaokalia? Kasema huo mwembe tu, bibi, hauna maana. Nikamwambia simama. Tukabanjua kipande, tukakitia maji ya moto, tukanywa wote wawili. Maji yakabaki maji.

Kauchonga hapo hapo, mimi namwelekeza wapi pawe pana, wapi pawe pembamba. Naondoka, kaniita fundi. Mimi! Tatu, hapo andika vizuri.

Mwiko upo mlangoni, unanifika begani. Kesho alfajiri nabandika pipa, nakoroga mwenyewe, kwa mkono huu huu.

Jumamosi kikombe cha kwanza cha Mama Siwema.