Kioo Juu ya Ufa

3 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za hapo nyumbani? Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hoi.

Wakaguzi wa mgodi walipita mtaani kwetu jana. Vigingi vyangu vya kupimia vinaonyesha mtaa mzima umezama sentimita tisa tangu waanze kuchimba makaa chini yenu. Nyumba yako tu, wanasema, haina neno: kile kipande cha kioo nilichokibandika juu ya ufa wa sebuleni mwezi wa kumi ni kizima. Ukuta ukisogea hata upana wa unywele, kioo kile hupasuka. Bosi amenicheka mbele za watu, eti vigingi vyangu vimelewa. Wanaendelea kuchimba. Baba, ukuta huo hausogei kweli?

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalia kama bawaba kavu, lakini nashukuru.

Usimjali huyo bosi. Kioo chako nakitunza. Kilipasuka mwezi wa kumi na mbili, nikaona aibu: mtoto kaniachia kitu kimoja tu cha kuangalia, nacho kimenishinda! Nikakata kingine kwenye dirisha bovu, nikabandika palepale, nikaandika tarehe yako kwa mwandiko kama wako. Hiki cha sasa ni cha nne, na kimekaa vizuri kuliko chako. Mlango wa mbele ulianza kung'ang'ania, nikaupiga randa. Seremala hapokei wageni kwenye nyumba inayopasuka.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kwa shida.

Nilikibandika ili kipasuke! Nilikueleza, nawe ulikuwa unanichongea penseli, hukusikia. Umewapa ushahidi watu wanaochimba chini ya miguu yako. Nimekasirika, sikufichi. Wakaguzi wanarudi tarehe sita Aprili, mara ya mwisho. Usizibe, usipige randa, usipake rangi. Na usilale humo, nenda kwa shangazi. Vile vilivyopasuka ulivitupa?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hasira zako nimezipokea, ni haki yako.

Mimi situpi kitu. Vyote vitatu viko kwenye kopo la misumari, kila kimoja na tarehe kilipopasuka. Cha nne kilipasuka juzi. Jirani yangu fundi cherehani ameshuhudia na kuweka saini. Sijakigusa. Mlango haufungiki tena. Randa nimempa shangazi yako aifungie kabatini, maana najijua.

Nalala kwake, lakini kila asubuhi narudi, nakaa kitini mbele ya ukuta nilioujenga mwenyewe, nimekunja mikono. Inaniuma sana. Njoo na hao wakaguzi, na mje mapema, mikono inaniwasha.

Ufa umefika kwenye ile mistari ya penseli niliyokuwa nakupimia urefu. Umekata mwaka wako wa saba. Sijauziba.

Baba yako