Sungura Ndani ya Mashua

Mjukuu wangu Gwenole,

Mimi mzima, mgongo tu unasumbua. Matembezi yetu ya mashua yametufikisha bandari ya Audierne, mvua inanyesha na siagi imekwisha.

Leo asubuhi Katell, rafiki yangu kwa miaka hamsini sasa, kafungua kopo la nyama ya sungura humu mashuani, mnyama ambaye baharini kwetu hata jina halitajwi! Nikamwuliza, "Shoga, unataka tuzame?" Akacheka: "Kula bwana! Kwani mashua ni yetu tena? Kesho tukifika Concarneau, mnunuzi aliyetafutwa na Gwenole anaichukua."

Kumbe matembezi haya mlipanga wewe na yeye. Mashua aliyoiunda babu yako niipeleke kwa mnunuzi kwa mikono yangu mwenyewe!

Katell nimemshusha gatini na kopo lake. Nikishaposti barua hii nang'oa nanga, narudi nyumbani. Huyo mnunuzi mpikie wewe sungura.

Bibi yako, na mashua bado yangu,
Soazig