Njia Zote Zinafika Lubumbashi

Maman Adélaïde mpendwa, nakuletea shida hii maana nimeshindwa kuibeba peke yangu. Mimi ni dactylo hapa Muhumba, na kwa miaka mitatu napiga kwa mashine thèse, yaani tasnifu, ya mchumba wangu Pascal, anayesoma Lubumbashi na kunitumia kurasa kwa posta, alisema akishaitetea atarudi tuoane, na kila bahasha naifungua nikitafuta neno la mapenzi lakini ndani ni logiki tu, ile ya yanayowezekana na yaliyo lazima, logiki ya zamani inasema "mahali fulani mvua inanyesha" bila kupataja, yeye ameiongezea majina ya mahali, na anaandika kwamba kila sifa njema ya ile ya zamani inahamia kwenye hii mpya, na kweli nyingi zinahamia, lakini moja haihami, Maman, nimeiona mwenyewe kwa kuwa nilisoma hesabu. Sifa hiyo inadai kwamba sentensi moja ikizaa nyingine, katikati ipatikane ya kuziunganisha, yenye maneno yale tu yaliyomo katika zote mbili. Nikajaribu: kutoka hapa njia zote zinafika Lubumbashi tu, basi mvua ikinyesha mahali fulani ninapoweza kufika, inanyesha kote ninapoweza kufika. Ya katikati ingesema "pa kufika ni mahali pamoja tu", bila jina wala mvua, maana jina liko katika ya kwanza tu na mvua katika ya pili tu, na logiki yake haiwezi kusema hivyo. Nikimwambia, ataandika sura upya, na mimi nitangoja tena; nikinyamaza, anarudi Agosti. Mama yangu ananiambia, "Nyamaza, mutoto wangu, piga tu mashine, bwana akuye, afike kwanza." Nifanye nini?

Adolphine, Muhumba

Adolphine mwanangu, pole, kungoja kunauma. Lakini nikukaripie: unataka aingie mbele ya jury ya walimu na kosa ambalo wewe unalijua? Wasipoliona wao, utaishi nalo wewe. Mwandikie leo, mfano mzima, kama ulivyoniandikia; mimi sikusoma logiki na nimeuelewa. Thèse haifi. Zilizohamia azibakize, na hiyo moja aseme wazi kwamba haihami.

Sasa lile ulilonificha. Zaïre ina miji mingi, wewe katika mfano wako ukachagua Lubumbashi, aliko yeye. Miaka mitatu umempigia sentensi zake maelfu, yako hata moja hujamtumia, na mwenyewe umethibitisha kwamba bila jina, "mmoja tu" haisemeki. Chini ya masahihisho ongeza mstari: "Pascal, nina hamu nawe, ni wewe tu." Huo usiupige mashine. Uandike kwa mkono.