Mstari wa Mama Tumaini

Jumamosi. Hapa Chang'ombe mvua imenyesha tangu alfajiri, na karakana ya jirani haikuwasha mashine zake. Miaka yote nimezilalamikia kelele zile. Leo nilitamani nizisikie.

Nimestaafu kufundisha chuo kikuu, lakini bado ninamsimamia mwanafunzi mmoja wa uzamili, Upendo. Anatafiti namna ya kuonyesha vipimo vya presha kwenye simu kwa michoro ambayo mtu yeyote ataielewa bila kufundishwa. Wanawake wa mtaa wetu walikubali kushiriki. Kila asubuhi walijipima na kuingiza kipimo, na kila mmoja aliuona mstari wake pamoja na mistari ya wenzake, ili wakumbushane.

Marehemu mke wangu alikuwa miongoni mwao.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kitambaa cha mashine ya presha mkononi, baada ya chai. Yeye na jirani yetu, Mama Zuhura, waliugeuza utafiti kuwa mashindano. Mstari wa Mama Zuhura ukipanda, mke wangu alimwita dirishani: "Shoga, jana ulikula pilau ya nani?" Naye alijibu: "Na wako umeshuka kwa kuwa Baba Tumaini hajakugombeza leo."

Nilijifanya sisikii.

Jana Mama Zuhura alikuja kunijulia hali, simu mkononi. "Baba Tumaini, mie haya mambo ya kompyuta siyajui. Ila kila nikifungua hapa namkuta mwenzangu kalala chini kabisa. Kila siku. Mwondoeni hapo."

Nilitazama. Programu inapokosa kipimo huchora sifuri. Tangu tulipomzika, mstari wa mke wangu, ule wa zambarau, ulikuwa ukitambaa kwenye ukingo wa chini wa kioo.

Nilimrudishia simu yake.

Leo Upendo amekuja kunionyesha sura ya matokeo ya tasnifu yake. Baada ya shikamoo alifungua kompyuta mezani. Niliitafuta rangi ya zambarau, sikuiona.

"Mstari wa Mama uko wapi?"

"Nimeuondoa wote, Mwalimu. Nilishindwa kukuletea ukiwa sifuri."

Nilimwambia kwa ukali kwamba mtafiti haondoi data kwa huruma. Mwanamke huyu alijipima kila asubuhi. Haiwezekani aonekane kana kwamba hakuwahi kuwapo. Upendo aliinamisha kichwa. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku za msiba alishinda jikoni kwangu na wanawake wa mtaa, akimenya vitunguu. Nilipunguza sauti.

"Urudishe. Uishie kwenye kipimo chake cha mwisho. Baada ya hapo, acha wazi."

"Lakini Mwalimu, Mama Zuhura alipokwenda Lindi kwa mwanawe, naye aliacha pengo. Pale nimeunganisha kwa nukta nukta. Kwa Mama nisifanye hivyo hivyo? Mchoro mmoja hauwezi kuwa na kanuni mbili."

Ni swali zuri. Mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza hivyo.

"Nukta ni za wanaotarajiwa kurudi," nikasema. "Andika kanuni hiyo chini ya mchoro."

Aliandika bila kunitazama. Kisha akairekebisha programu ya simu pia. Mstari ukarudi: ukapanda, ukashuka, ukakoma. Kulia kwake kulikuwa kweupe.

Jioni Mama Zuhura alifungua simu yake kibarazani kwetu, akaitazama kwa muda. "Haya," akasema. "Sasa kapumzika." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda zake.

Kazi imekuwa sahihi. Nilidhani usahihi ungenipa nafuu, kwa sababu siku zote umenipa.

Mashine ya presha ingali mezani. Kitambaa chake bado kimejikunja kwa upana wa mkono wa mke wangu, na sijathubutu kukikunjua. Kesho asubuhi, baada ya chai, mikono yangu hii itafanya nini?