Nimepukuchua Mahindi Buger na Mdomo Nimeufunga

Jumamosi, Julai 2008. Karatu.

Baridi ya leo inaingia mpaka kwenye meno. Ukungu umeteremka kutoka msituni tangu alfajiri, na magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro yalikuwa yanapita na taa zimewashwa kama usiku. Nimetoka Buger, kijijini kwa wifi yangu, sasa hivi. Sijafika hata nyumbani. Nimeingia hapa intaneti kwanza, maana nikifika nyumbani nitajilaza tu na viatu vyangu.

Nachapa mwenyewe. Kiti nimechagua cha kona, skrini inatazama ukuta.

Mimi ni mama wa maneno, sikatai. Nimeishia darasa la saba kule Rombo, nikaja Karatu na beseni la maandazi kichwani, leo nina mgahawa, na madereva wanapita mahoteli kibao barabarani ili waje kula chapati zangu. Na blogu ninayo. Nani mwingine pale sokoni ana blogu? Na binti yangu wa kwanza, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anasubiri chuo, huyo nimemtangaza mpaka wauza mbuzi wa mnadani wanazijua alama zake.

Mdomo huo huo ndio uliomwondoa nyumbani.

Aliniambia jambo lake tukiwa jikoni, wawili tu. Jambo lenyewe siliandiki hapa wala popote. Lilinizidi kimo. Baba yake ni dereva, alikuwa porini na wageni, simu haishiki huko. Nikamkumbuka mama mmoja wa Dar es Salaam, mshauri, anayewajibu wazazi bure kwa barua pepe. Nikasema huyu ndiye.

Wakati ule nilikuwa sijui kuchapa. Hapa kwetu tusiojua tunafanya hivi: unakaa karibu na dada wa intaneti, unasema, yeye anachapa. Umeme ulikuwa umekatika, jenereta linaunguruma mlangoni, kwa hiyo nikapaza sauti. Nikaanza na sifa, ndivyo nilivyo. Jina la mtoto, shule yake, alama zake. Halafu jambo lenyewe, lote. Kwenye benchi nyuma yangu walikaa akina mama wawili wa jumuiya yetu ya kanisani, wanasubiri fotokopi.

Wala sikuwaza. Kwangu mimi ilikuwa barua, na barua ni siri.

Alhamisi jumuiya tukasali kwa jirani. Ulipofika wakati wa maombi, mama mmoja kati ya wale, mama mwema, sina neno baya juu yake, akafumba macho akasema tumwombee binti yetu. Akamtaja jina. Akasema Bwana amwinue katika hili lililompata, na lenyewe akalitaja.

Wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie."

Na mimi niliitikia. Kwa mazoea, kabla akili haijafika.

Binti yangu alikuwa ameketi karibu na mlango na kitabu cha nyimbo mkononi. Hakulia. Alikaa mpaka sala ya mwisho, akasaidia kukusanya vikombe vya chai, akawaaga wakubwa mmoja mmoja. Asubuhi akachukua begi akaenda Buger kwa shangazi yake, dada wa mume wangu. Tangu hapo hajarudi, na simu yangu hapokei.

Mume wangu aliporudi kutoka porini nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama watoto, wewe na redio mna tofauti gani?" Basi. Mpaka leo tunazungumza habari za unga na mkaa tu.

Chuo hakiko mbali. Akiondokea kule kwa shangazi yake kwenda chuoni bila kupita kwangu, nitabaki na mtoto wa kwenye picha ukutani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kwa hiyo nikajifunza kuchapa. Kidole kimoja, herufi moja, lakini mwenyewe. Nikamwandikia mshauri yaliyotokea. Sikuandika sifa safari hii.

Hakunifokea. Alinijibu kama mtu anayekufundisha kupika. Nenda alipo. Mkute kwenye kazi, ufanye naye kazi hiyo. Usimuulize chochote kinachomhusu. Omba radhi kwa maneno machache, na ukishaomba usiweke "lakini". Usimwambie ulikuwa na nia njema, nia yako haimsaidii kitu. Na usiende ukitegemea kurudi naye.

Hilo la mwisho nililisoma, sikulisikia. Jana nilibadilisha mashuka ya kitanda chake.

Leo nimewakuta yeye na shangazi yake uani wanapukuchua mahindi. Wifi yangu akaniona tangu mbali akapaza sauti, "Wifi! Leo umekuja na mdomo au umeuacha Karatu?"

"Nimeupeleka gereji," nikamwambia.

Akacheka yule mwanamke mpaka akashika mbavu. Binti yangu aliinamisha kichwa, lakini niliona shavu limecheza kidogo. Akanipa shikamoo, akanisogezea kigoda. Nikachukua hindi nikaanza.

Sijawahi kukaa kimya hivyo tangu nizaliwe. Mahindi yanadondoka kwenye turubai, vidole vinawaka moto, na maneno yananijaa kooni. Amekonda. Nikataka kuuliza unakula nini huku. Nikanyamaza. Kajifunza kusema Kiiraqw, lugha ya kwao baba yake, vizuri, anataniana na shangazi yake wanacheka, mimi naambulia neno moja moja. Nikataka kuwaambia jirani waliokuwa wakipita njiani, mnamwona huyu, lugha zake ngapi! Nikaumeza ulimi.

Shangazi mtu alipoingia ndani kutazama chai, nikasema, "Mwanangu, nilikosea. Lilikuwa lako, nikalitoa. Nisamehe."

Ile "lakini" ilifika mpaka kwenye ulimi. Nikaitafuna.

Akamaliza hindi lake, akachukua lingine, akamaliza na hilo. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na haya ya leo utayaandika?"

Mungu wangu. Ningesema hapana ingekuwa uongo, ananijua.

"Nitaandika ya kwangu," nikasema. "Yako sitayagusa."

"Ya kwako yapi?"

"Kwamba nyumba imepoa."

Akapukuchua. Akasema, "Sawa." Sijui ilikuwa sawa ya namna gani.

Tukanywa chai. Jua likaonekana kidogo, halafu likaghairi. Nilipoaga nilisubiri. Mimi mzima nilisimama pale uani najifunga kitenge, nakifungua, nakifunga tena, nikimpa nafasi aseme subiri mama nichukue begi.

Akavaa sweta. Macho yangu yakatafuta begi.

Kumbe ananisindikiza. Alinibebea kapu la maharage nililopewa na wifi, tukatembea wawili mpaka barabara kuu, yeye mbele kidogo. Alisimama pale pale ambapo watu wa Buger husimama na wageni wao, akanikabidhi kapu kwa mikono miwili, kwa heshima zote nilizomfundisha mwenyewe.

"Karibu tena, mama."

Mtoto niliyemzaa mimi. Ananikaribisha.

Nikamwambia asante. Nikapanda gari na kapu langu magotini, na sikugeuka nyuma, maana nilijua nikigeuka nitasema.

Jumamosi ijayo nitakwenda tena, na nyingine, mpaka mahindi ya wifi yaishe, na yakiisha kutakuwa na mbaazi. Nitakaa pale nimenyamaza. Lakini najiuliza, mama akishakuwa mgeni kwa mwanawe, anapaswa kwenda mara ngapi ndipo aache kusindikizwa?