Jibu Nililotia Katika Wimbo Wako

Mutua, mwana wa dada yangu,

Usishtuke, ni mimi mjomba wako Nzioka, na naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la tatu la misheni si mchezo. Mwalimu alisema hati yangu ingefaa kumwandikia Gavana. Ulipokuwa hai hukuamini. Sasa ona.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Mwezi wa nne huu tangu ile homa ya kifua ikuchukue. Mbuzi wako wazima. Mwende mke wako amevuna ndengu. Paa la nyumba yenu nimeliezeka upya peke yangu kwa siku moja. Haya, siku tatu, na jirani alisaidia. Lakini paa si kitu cha kunifanya nishike kalamu. Ni wimbo wako.

Unajua ni upi. Nyimbo zako zote zilitoka kwenye michezo. Kete za bao zikigonga mashimoni, wewe unasikia ngoma. Watoto wakikimbizana, wewe unapata kiitikio. Lakini hapa Kabati hakuna uliowashika watu kama huu wa kitendawili. Unapuliza filimbi, unatangaza kitendawili kwa Kikamba chetu, "Kwata ndai!" Wanaitika kwa pamoja, "Nakwata!" Hapo unawategea:

Nimemwacha nyumbani,
nimemkuta njiani,
nikirudi amenitangulia.

Kisha ngoma inanyamaza. Ni nani? Wakasema kivuli. Wakasema njaa, maana ulikuwa mwaka ule wa nzige. Wewe unatikisa kichwa na kucheka, mpaka Jumamosi nyingine.

Mutua, kuna jambo linanichoma, wacha niliseme upesi kabla sijalipamba. Ulipolala kitandani uliniambia, "Mjomba, sema umeshindwa, nipe mji, nikuambie." Ile desturi uliyorudi nayo kutoka kazi ya reli: asiyejua jibu anatoa mji, anaambiwa. Mji wowote. Ungeridhika hata na kimji kama Kyuso. Nami nikakujibu, "Mimi nishindwe? Jibu ninalo tangu zamani!" Sikuwa nalo. Siku ya pili ukaniomba tena, sauti imekuwa nyembamba, nikakuambia pona kwanza tushindane vizuri. Siku ya tatu hukuomba.

Neno moja tu. Kyuso. Ningepungukiwa nini?

Baada ya matanga, Kilonzo mpiga ngoma wako ndiye alishika filimbi yako. Wimbo ulipofika kwenye swali, akanigeukia mbele ya watu wote. "Mjomba, wewe ndiye ulikaa naye mpaka mwisho. Alikuambia jibu?" Unajua mdomo wangu. Ulitangulia. Nikasema ndiyo, aliniambia. "Ni nani basi?" Nikajipiga kifua. "Ni mimi! Ni Mjomba!"

Wakalipuka kwa kicheko. Wakaupenda. Sasa swali likiimbwa, uwanja mzima unaitika "Mjomba!" na wachezaji wanatembea kama mimi, kifua mbele, kichwa juu kama jogoo. Wafanyabiashara wa ng'ombe wameupeleka kaskazini, hata Wasomali wanauimba bila kujua maneno. Nisikudanganye, siku ya kwanza nilifurahi mpaka nikasahau chakula.

Halafu Mwende akausikia. Alikuwa anapepeta ndengu, watoto wakapita wakiimba. Akaweka ungo chini. "Mjomba, alikuambia kweli?" Mimi, mtu wa maneno, nikainama kuokota ndengu zilizodondoka. Akasema, "Mimi alinikataza kukisia. Alisema nitaambiwa wa mwisho. Nilikuwa nadhani labda ni mimi." Akachukua ungo, akaendelea kupepeta. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi iliyofuata nilisimamisha ngoma. Nikasema, "Jamani, niliongopa. Hakuniambia kitu." Kilonzo akacheka mpaka akaegemea ngoma. "Leo Mjomba anajifanya mnyenyekevu! Huo ndio uongo wako mbaya kuliko wote!" Nikaapa, wakazidi kucheka. Nimewaambia watu hawa kwamba nilimshika kifaru pembe kwenye mto Tiva, hawakuamini. Nikawaambia nilishindana na treni mpaka Kibwezi nikaishinda, hawakuamini. Uongo mmoja tu wa maisha yangu wameuamini, na ndio uliokula wimbo wako. Nilitoka pale wakiniimba.

Tangu hapo situlii. Nakwenda shambani, narudi kabla ya kufika. Naokota jembe, naliweka. Na kama ni kweli ni mimi? Kumbuka ile safari ya Machakos, nilivyofika nyumbani mbele yako... Ona, nimeanza tena. Nisamehe.

Sasa sikiliza nilichopanga. Dereva wa lori la ngozi ameniambia kwamba kule Nunguni wimbo umefika nusu. Wameshika swali, jibu langu bado halijafika. Hapa Kabati nimechelewa, lakini kule bado. Alhamisi lori linakwenda, na dereva amekubali nipande juu ya ngozi na harufu yake yote. Mwende nilimwambia. Alinitazama sana, kisha akanifungia viazi vya njiani, na hiyo filimbi yako ya pili, ile iliyopasuka mdomoni.

Nitauimba uwanjani kwao siku ya soko, kama ulivyouimba wewe, mpaka kwenye swali. Hapo nitafunga mdomo. Wakidai jibu, nitawaambia mwenye wimbo amekufa nalo. Wewe unanijua, unajua hilo ni zito kuliko kifaru.

Kwaheri, mwana wa dada yangu. Pumzika, usinihangaikie. Na wakiniuliza mimi ni nani kwa mtunzi, maana lazima wataniuliza, nakuahidi neno "mjomba" halitanitoka, nitawajibu hivi: mimi si mtu wake, ni mzee tu aliyeusikia Kabati.

Nzioka